RAM Inayoipita Mazabodi: Kikomo Hiki Kimewekwa na Nani?



Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu kompyuta za mezani ni hili: kitabu cha mazabodi kinasema inapokea RAM ya kasi ya 1333, dukani ipo ya 1600, je, nikiichomeka itaungua? Haitaungua. Ikiwa ni ya kizazi kilekile, yaani DDR3 kwa DDR3 au DDR4 kwa DDR4, na volti zake ni zile mashine inazozitaka, kompyuta itawaka, na mara nyingi hiyo ya 1600 itatembea kwa 1333 bila tabu yoyote. Lakini jibu hilo halimsaidii mtu kuamua kama atoe fedha au asitoe. Wala halimwambii kitakachotokea akitaka ile 1600 ifanye kazi kweli kama 1600.

Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba maneno "kasi inayokubaliwa" yaliyochapwa kwenye kitabu yamebeba vikomo vya aina tatu. Kuna kikomo kilichowekwa na biashara, kuna kilichowekwa na dhamana ya mtengenezaji, na kuna kilichowekwa na umeme wenyewe. Tukivichanganya, tutaogopa uamuzi wa kibiashara kana kwamba ni sheria ya maumbile, na sheria ya maumbile tutaidharau kana kwamba ni uamuzi wa kibiashara. Makosa yote mawili nimeyaona yakiwagharimu watu fedha, na hilo la pili limewagharimu watu kazi zao.

Tuanze na kitu cha kushika mkononi. Chukueni kipande cha RAM kutoka kwenye kompyuta ya mtumba, zile za ofisi za Ulaya zinazojaa Kariakoo na katikati ya Nairobi. Kina stika nyeupe yenye maandishi kama haya: 4GB 2Rx8 PC3-12800U-11-11-B1. Muuzaji anasoma 4GB na kuishia hapo, ilhali habari nyingi ziko mbele. PC3 ni kizazi, yaani DDR3. Namba 12800 ni megabaiti kwa sekunde. Igawanye kwa 8, kwa sababu njia ya data ina upana wa biti 64 ambazo ni baiti 8, unapata 1600. Herufi U inasema ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ingekuwa S ingekuwa ya laptopu. Ingekuwa R ingekuwa ya seva, na hapa ninaomba muwe macho sana: RAM za seva za DDR3 na DDR4 zinaingia kwenye sloti ya kompyuta ya mezani bila kukwama, bei yake sokoni ni ya kuvutia, na kompyuta ya kawaida haiwaki nazo. Ukiona PC3L badala ya PC3, hiyo inaweza kutumia volti 1.35 badala ya 1.5, na laptopu nyingi za DDR3 za kuanzia mwaka 2013 hazitaki nyingine. Ile 11 ya kwanza ni mizunguko ya kusubiri, nitaifikia.

Namba hiyo ya 1600 haielezi mapigo ya saa. Saa yenyewe inapiga mara milioni 800 kwa sekunde, na data inapita mara mbili kwa kila pigo, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ndiyo maana programu ya CPU-Z inaonyesha karibu 800 kwa RAM ya 1600, na mteja anarudi dukani akiwa na hasira, akiamini ameuziwa feki. Hajaibiwa. Zidisha kwa mbili.

Sasa, mashine inajuaje RAM iliyochomekwa ni ya kasi gani? Pembeni mwa zile chipu kubwa nyeusi kuna chipu moja ndogo sana, na ndani yake kuna jedwali. Kwenye DDR3 jedwali hilo ni baiti 256 tu, lakini limeandika kila kitu: ukubwa, volti, kasi ya juu, na muda wa kusubiri kwa kila kasi. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kabla hata skrini haijapata mwanga, BIOS, yaani programu ya mwanzo iliyo ndani ya mazabodi, inayasoma majedwali ya vipande vyote vilivyochomekwa, inauliza prosesa inaweza nini, inaangalia chipseti, yaani chipu kuu ya mazabodi, inaruhusu nini, kisha inachagua kasi ambayo wote wanaiweza. Ukichanganya kipande cha 1600 na cha 1333, vyote vinakwenda kwa 1333. Kwa hiyo namba ya kwenye stika ni uwezo wa juu uliothibitishwa kiwandani. Wanaoamua kasi ya kweli ni wengine, na kipande chenyewe hakina amri juu yao.

Chukueni HP Compaq 8200 Elite ya mwaka 2011 yenye Core i5-2400. Prosesa hiyo imeandikiwa DDR3 ya 1066 na 1333. Ukiipa ya 1600, itaiendesha kwa 1333, na hutapoteza chochote. Kwa soko letu lilivyo, DDR3 ya 1600 ndiyo inayopatikana kirahisi. Kama bei ni moja, nunueni hiyo, maana kesho mtaihamishia kwenye mashine inayoiweza. Kama muuzaji anadai nyongeza kwa ajili ya kasi hiyo, msitoe. Mtalipia kitu ambacho mashine yenu haitakitumia.

Nimesema prosesa ndiyo imeandikiwa, na hili linahitaji maelezo. Zamani kidhibiti cha kumbukumbu, yaani sehemu inayozungumza na RAM, kilikuwa kwenye mazabodi, ndani ya chipu kubwa karibu na prosesa. AMD ilikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 kwa Opteron na Athlon 64. Intel ilifanya hivyo mwishoni mwa 2008 kwa Core i7 za kwanza. Tangu hapo mazabodi imebaki na kazi ya kuwa barabara, na anayeendesha ni prosesa. Ndiyo maana kitabu cha mazabodi kinaweza kusema uongo bila kukusudia: kilichapwa siku mazabodi ilipotoka, kabla ya prosesa zilizofuata. Mazabodi za chipseti ya H61 zilitoka zikiwa na prosesa zinazoishia 1333, lakini ukiweka prosesa za kizazi cha 2012 kwenye mazabodi ambayo BIOS yake imeboreshwa, 1600 inakubalika rasmi. Vivyo hivyo H110 ilianza na DDR4 ya 2133 mwaka 2015, na prosesa za kizazi cha saba zikaifikisha 2400. Kabla ya kuamini ukurasa wa kitabu, angalieni prosesa iliyomo.

Hapo ndipo tunapokutana na kikomo cha biashara. Chukueni Core i5-6500. Iwekeni kwenye mazabodi ya H110, mwisho wake ni 2133. Ihamisheni prosesa hiyohiyo na RAM hizohizo kwenye mazabodi ya Z170, na 3000 inawezekana. Kidhibiti ni kilekile. Intel iliamua kwamba ruhusa ya kupita kipimo itauzwa pamoja na chipseti za daraja la Z, na wanunuzi wa daraja la chini walifungiwa mlango kwa miaka mingi, hadi Januari 2021 ilipotoka B560 ikiwa imefunguliwa kwa upande wa kumbukumbu. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi ni soko la mashine za daraja la chini. Kufuli hilo halikumlinda mtu na hatari yoyote. Lilikuwa ni njia ya kupanga bei. Lakini kama mashine yenu ina kufuli hilo, hakuna ufundi wa kulifungua kwenye BIOS ya kawaida, na fundi anayewaahidi kinyume chake muulizeni atafanyaje hasa.

Kwenye mazabodi zilizofunguliwa, kupita kipimo ni rahisi mno, na pengine urahisi huo ndio tatizo. Mwaka 2007 Intel ilianzisha XMP, ukurasa wa ziada ndani ya lile jedwali dogo la RAM, wenye kasi, muda wa kusubiri na volti ambazo mtengenezaji wa RAM anasema amezijaribu. AMD ilitoa wa kwake, EXPO, mwaka 2022. Unaingia BIOS, unachagua mstari mmoja, unahifadhi, unawasha upya. Boksi lililoandikwa 3600 linategemea kwamba utafanya hivyo. Usipofanya, RAM hiyo inaamka kwa kasi ya kawaida ya viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya RAM, mara nyingi 2133 au 2666. Wapo watu waliolipia 3600 na hawajawahi kuitumia hata siku moja. Wapo pia walioiwasha bila kujua kwamba kwa macho ya watengenezaji wa prosesa, XMP na EXPO ni kuisukuma mashine kupita kipimo, na jambo hilo linaweza kugusa dhamana.

Kwa nini basi isifanye kazi kila mara, kama mtengenezaji wa RAM ameijaribu? Kwa sababu aliijaribu kwenye mazabodi yake na prosesa yake, hakuijaribu kwenye zako. Hapa umeme unaanza kusema. Kwa kasi ya 3200, kila biti ina sehemu kidogo tu ya nanosekunde moja ya kuwapo: nanosekunde 0.31. Ndani ya ubao wa saketi, ishara inasafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde. Pigeni hesabu: biti moja ina urefu wa karibu sentimita 4.7 ikiwa njiani. Umbali kutoka prosesa hadi sloti ya mbali unaweza kuwa mkubwa kuliko huo, kwa hiyo biti ya pili imeshatoka kabla ya ile ya kwanza kufika. Na nyaya za data ni 64, kila moja ikibeba biti zake. Ni kama wapiga ngoma 64 wanaotakiwa kupiga pigo moja pasipo hata mmoja kuchelewa. Kwa 1333 biti ilikuwa na urefu wa sentimita 11 hivi, nafasi ya kukosea ilikuwa kubwa. Mazabodi ya bei ya chini yenye tabaka chache za shaba inaruhusu ishara jirani kuingiliana zaidi. Sloti tupu inarudisha mwangwi wa ishara. Vipande vinne vina mzigo zaidi kuliko viwili.

AMD iliandika jambo hili wazi ilipotoa Ryzen za kwanza mwaka 2017. Kwa mazabodi moja na prosesa moja, kasi rasmi ilikuwa 2666 kwa vipande viwili vya safu moja ya chipu, ikashuka hatua kwa hatua hadi 1866 kwa vipande vinne vya safu mbili. Safu hizo ndizo zile 1R na 2R kwenye stika. Anayeuliza "mazabodi hii inakubali kasi gani" anatakiwa kuulizwa swali kwanza: utachomeka vingapi, na vya safu ngapi?

RAM ikishindwa kabisa, hilo ni jambo jepesi. Unawasha, feni zinazunguka sekunde chache, zinasimama, zinazunguka tena, skrini haina kitu. Mazabodi nyingi baada ya kujaribu mara kadhaa zinarudi zenyewe kwenye kasi salama. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032, subiri dakika chache, rudisha. Mipangilio ya BIOS inafutika na mashine inaamka kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna kilichoharibika.

Ninachokiogopa ni RAM inayokaribia kufaulu. Mashine inawaka, Windows inafunguka, muziki unalia, na mara moja katika mabilioni ya safari biti moja inageuka. RAM ya kawaida haina namna ya kugundua. Seva zina ECC, biti 8 za ziada kwa kila 64, zinazosahihisha kosa la biti moja. Kompyuta zetu hazina. DDR5 imeleta usahihishaji ndani ya chipu yenyewe, lakini haulindi ile njia ya sentimita kadhaa niliyoieleza, na njia hiyo ndiyo tunayoibana tunapoongeza kasi. Tuseme mhasibu wa SACCOS ana rekodi ya shilingi 50,000, imehifadhiwa kama namba nzima. Biti yenye thamani ya 65,536 ilikuwa sifuri. Ikigeuka moja, rekodi inasomeka 115,536. Hakuna ujumbe wa kosa, wala skrini ya bluu. Faili linahifadhiwa, linanakiliwa kwenye flashi kama akiba, na kosa linanakiliwa pamoja nalo.

Kwa hiyo, anayevuka kasi rasmi anachukua kazi ambayo kiwanda kilikuwa kimeifanya kwa niaba yake, kazi ya kupima. Weka programu ya Memtest86 kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo, iache ipige mizunguko kamili zaidi ya mmoja. Kwa gigabaiti 16 itachukua saa kadhaa. Kosa moja ni kushindwa. Msiseme "ni moja tu." Punguzeni kasi hatua moja na mwanze upya. Na msiweke Windows mpya wala kuboresha BIOS kabla ya kipimo kukamilika, kwa sababu faili zinazopita kwenye RAM yenye hitilafu zinaandikwa zikiwa zimeharibika.

Nina nasaha moja inayotuhusu sisi wa pwani hasa. Mafundi wengi wanaacha kipimo kiende usiku, hewa ikiwa imepoa. Kila biti ndani ya RAM ni chaji ndogo ya umeme inayovuja, na chipu ya DDR3 au DDR4 inaijaza upya yote kila milisekunde 64. Joto likipanda, chaji inavuja haraka zaidi. Viwango vya JEDEC vinataka muda huo ukatwe nusu, milisekunde 32, chipu ikivuka nyuzi 85. RAM iliyosukumwa mpaka ukingoni inaweza kufaulu saa nane za usiku na kukosea saa nane za mchana wa Februari, dirisha likiwa wazi na kasha limejaa vumbi. Pimeni mchana, kasha likiwa limefungwa kama litakavyotumika. Umeme ukikatika katikati, anzeni tena.

Je, faida inalingana na kazi yote hii? Inategemea. Hapa ndipo ile 11 ya kwenye stika inaporudi. DDR3 ya 1333 husubiri mizunguko 9, ya 1600 husubiri 11; ukigeuza kuwa muda halisi, ya kwanza ni nanosekunde 13.5 na ya pili 13.75. Kwa kuandika barua na kufungua kurasa za intaneti hamtaona tofauti. DDR4 ya 3200 yenye mizunguko 16 ni nanosekunde 10 kamili, hiyo ni nafuu ya kweli. Wanaonufaika waziwazi ni wenye kompyuta zisizo na kadi ya picha, maana picha za skrini zinachotwa kwenye RAM hiyohiyo, na wenye Ryzen za kabla ya 7000, ambazo njia ya ndani ya prosesa hutembea kwa mwendo unaofungamana na saa ya RAM. Kijana anayehariri video za harusi kwenye Ryzen 5 2400G ataiona kazi ya 3000 dhidi ya 2133.

Lakini wengi wenu mna kipande kimoja, na sloti ya pili iko tupu. Kipande kimoja cha 3200 kinatoa gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vya 2133, kila kimoja kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya data, vinatoa 34. Viwili vya polepole vinakishinda kimoja cha haraka, bila kugusa BIOS, bila kuvuka kikomo cha yeyote. Na kama mashine ina gigabaiti 4 na inahangaika kuhamishia data kwenye diski kila mnapofungua kivinjari, kasi siyo ugonjwa wake. Ongezeni ukubwa kwanza.

Volti ndizo zinazoweza kuunguza. DDR3 za mwanzo za wapenda kasi ziliuzwa zikitaka volti 1.8 hadi 2, na kidhibiti kilipohamia ndani ya prosesa, Intel ilionya kwamba kupita 1.65 kunahatarisha prosesa yenyewe. Aprili 2023 baadhi ya Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua kwenye sloti zake. Baadhi ya mazabodi zilikuwa zikipandisha volti ya sehemu ya prosesa inayoshika kidhibiti pale EXPO ilipowashwa, na AMD ikatoa maboresho ya BIOS yanayoizuia isipite 1.3. Mwenye mazabodi ya AM5, yaani ya Ryzen hizo, ambayo BIOS yake ni ya kabla ya hapo aiboreshe leo, RAM ikiwa kwenye kasi ya kawaida, kisha ndipo afikirie EXPO.

Na kwa wanaojenga mashine mpya za DDR5: Ryzen 7000 zina kasi rasmi ya 5200 kwa vipande viwili na 3600 kwa vinne. Anayepanga kununua viwili vya gigabaiti 8 sasa, aongeze viwili mwakani, atakuwa amenunua mashine itakayopungua kasi siku atakapoiongezea kumbukumbu. Nunueni viwili vya gigabaiti 16 tangu mwanzo.